Kopo la Vitambaa

Nesi wa chumba namba nne cha zahanati ya mtaa, wateja walishalisahau jina lake. Walimwita Bi Tarehe, maana hakuwahi kumwambia mtu kwaheri. Alikutajia siku ya kurudi, na ole wako uisahau. Miaka kumi na tisa alikuwa akitoa huduma ya uzazi wa mpango katika chumba kile chenye dirisha moja, kitanda kimoja, na kabati ambalo mlango wake haukufunguka mpaka uupige kwa goti.

Ndani ya kabati lilikaa kopo la biskuti. Humo zilitunzwa kadi za wanawake wasioweza kurudi nazo nyumbani, kwa kuwa mume au mama mkwe angeziona na pasingekalika. Hazikuwa na majina wala namba za simu, na tarehe zao za kurudi Bi Tarehe alizitunza kwenye daftari lake. Kila mmoja alikata kipande cha kitambaa kwenye upindo wa nguo yake, Bi Tarehe akakibana kwa pini kwenye kadi. Siku ya kurudi mtu alikitaja tu: mimi yule wa maua ya zambarau. Utaratibu huo Bi Tarehe aliubuni mwenyewe, na alijivuna nao kupita kiasi.

Msimu ule wa uchaguzi hakuwa na raha. Mgombea aliyeelekea kushinda alikuwa bingwa wa kuuma na kupuliza. Kwa akina mama alisema kila mtoto azaliwe kwa mpango. Wiki hiyohiyo, kwa wazee, akasema kuna mambo hayafundishwi watoto wala hayagawiwi zahanati. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu wa kunusa upepo kabla hajatoka nje, akalisimamisha somo la afya ya uzazi ambalo Bi Tarehe aliwafundisha wasichana kila Alhamisi, eti mpaka ijulikane Mheshimiwa amesimama wapi. Mganga mkuu naye akanong'ona kwamba chumba namba nne kingefaa kuwa stoo. Bi Tarehe aliogopa, tena aliogopa hasa. Kikifungwa, wale wa kwenye kopo wangekwenda wapi?

Jumatatu mgombea akaja kuitembelea zahanati. Aliwaacha wapiga picha mlangoni, akaingia chumbani peke yake, akatikisa kichwa kwa kila alichoambiwa, kile kichwa cha wanasiasa ambacho hakikubali wala hakikatai. Bi Tarehe akaona maneno matupu hayatoshi. Akapiga kabati goti, akatoa kopo, akalifunua.

"Hawa hawana majina, Mheshimiwa. Wana vitambaa tu. Ukikifunga chumba hiki, hawana hata pa kulalamikia."

Mgombea akapitisha vidole juu ya kadi, akitabasamu. Alipofika kwenye kipande cha kijani chenye uzi wa dhahabu, tabasamu likamtoka. Akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele.

"Huyu anarudi lini?" aliuliza taratibu.

Hapo ndipo Bi Tarehe alipong'amua. Mume huzijua nguo za nyumbani kwake! Katika miaka yote ile, hilo hakuliwaza hata mara moja.

"Sikumbuki," alijibu, yeye aliyekumbuka tarehe za mtaa mzima.

Mgombea akairudisha kadi, akatoka. Nje waandishi walimwuliza msimamo wake, naye akajibu kwamba suala hilo linahitaji mashauriano mapana.

Mdomo huponza kichwa, lakini hapa ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine. Mwanamke wa kitambaa cha kijani alikuja daima wa mwisho, mtandio mpaka machoni, watoto wanne ndani ya miaka sita. Mpaka Jumatatu ile Bi Tarehe hakujua ni mke wa nani, na sasa kumfuata nyumbani kwa mgombea kungemponza zaidi. Alijua tu kwamba siku yake ni Jumatano.

Jumatano zahanati ilikauka watu. Mfagizi alikwisha kuanza kupiga deki yule mwanamke alipoingia, uso wazi, bila mtandio. Bi Tarehe alimkagua mashavu na mikono kabla ya kumsalimu. Hakukuwa na alama.

Mwanamke akasimulia. Mumewe alirudi, akafungua kabati, akaitoa ile nguo na kupekua upindo mpaka akapaona palipokatwa.

"Aliniuliza kama namwogopa. Nikamwambia ndiyo. Akaikunja ile nguo, akairudisha kabatini. Leo kanileta mwenyewe. Yuko kwenye gari nyuma ya ukuta, vioo kavipandisha."

Alipochomwa sindano yake ya miezi mitatu akasema, "Kadi yangu nipe, dada. Naenda nayo nyumbani."

Bi Tarehe akaifungua pini huku machozi yakimlenga. Kisha akakumbuka kopo, na hasira ikampanda.

"Na chumba hiki? Na wasichana wangu wa Alhamisi? Kasema nini?"

Mwanamke akaangalia sakafu. "Nimemwuliza. Anasema tusubiri uchaguzi upite."

Bi Tarehe akahesabu miezi kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe ya kurudi ilianguka wiki tatu baada ya kura. Akaweka kalamu chini, akatafuta kwenye droo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akaiandika kwenye kadi kwa penseli.