M yenye mkia kwenye fomu yangu

Jamani, leo nimemshuku mama yangu mzazi.

Mwaka wa themanini na sita nilikuwa kidato cha sita, Malindi. Fomu za kuchagua vyuo tulizijaza kwa penseli, zikalala nyumbani mzazi atie sahihi, kisha mwalimu wa darasa akapitisha wino juu ya maandishi. Mama aliweka dole gumba, maana tulijua hajui kuandika.

Mimi niliandika Nairobi. Nikaitwa chuo cha ualimu, Mombasa!

Nikamshuku mwalimu. Wino si ulikuwa wake? Hadi leo nikimwona huko Gede anakoishi navuka barabara, shikamoo yangu haipati.

Sasa, leo asubuhi namkuta mama anamwandikia mjukuu vitu vya dukani. Anaandika! Mchele. Maharagwe. Kila M ina mkia mrefu uliopinda.

Nikatoa kabatini nakala ya ile fomu niliyopewa na shule. Mombasa. Mkia ule ule.

"Mama, masomo ya ngumbaru ulianza lini?"

Hakuniangalia. "Nairobi ni mbali, mwanangu."

Haya, nambieni wenzangu. Kesho nakwenda Gede kwa mwalimu. Shikamoo ya miaka yote hii naianzaje?