Sentimita Mbili za Lyamba lya Mfipa

Nilitoka mjini Mazwi kwa ajili ya shangazi yangu. Kijiji chake cha ukingoni mwa milima ya Lyamba lya Mfipa, kaya arobaini na moja (nilizihesabu mara mbili), kiliamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa bondeni, Ilemba. Mashamba yangebaki juu. Yaani watu walale chini, walime juu. Bwana Mipango, ofisa wa wilaya, alikuwa anakwenda kupakagua, nami mchuuzi wa samaki ndiye niliyeijua njia.

Ofisini aliweka rula juu ya ramani. "Sentimita mbili tu, ndugu."

"Na hii mistari ya kahawia?"

"Si unaona ilivyobanana? Maana yake kila kitu kiko karibu."

Nikamwomba afanye basi sentimita nne. Hakuongeza hata nusu.

Saa tatu asubuhi Land Rover ilitufikisha kwa shangazi. Nyanda tupu, upepo baridi, na matuta yake ya duara yenye majani yaliyofukiwa yaoze.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu ndiye mhamishaji? Mwambie anibebee na matuta."

Hatua mia mbili mbele, nchi ikakatika. Chini kabisa Ziwa Rukwa liling'aa kama bati jipya. Gari likabaki, tukashuka kwa miguu. Migongo mitatu ya milima, kila mmoja ukijifanya wa mwisho. Joto lilizidi kila tulivyoshuka. Bwana Mipango akavua koti, kisha tai, kisha akafungua vifungo vya shati.

Saa tisa, Ilemba. Mwenyeji wetu, mkulima, alitupa ugali na samaki.

"Umepaonaje kwetu, mkuu?"

"Pazuri. Gari la kurudi liko wapi?"

"Si huko juu ulikoliacha?"

Alfajiri tukaanza kupanda. Bwana Mipango alipumzika mara thelathini na tatu. Nilipohesabu upya, thelathini na nne. Kinamama wenye mizigo kichwani walitupita wakicheka.

"Imebaki kiasi gani?" akanong'ona.

"Kwa rula, sentimita moja."

Alasiri alijilaza kwenye mkeka wa shangazi. Shangazi akampa togwa. "Kunywa, mwanangu. Ukiwa unashuka Ilemba kutukagua kila mwezi, uwe unapitia hapa."

"Kila mwezi?"

Akaomba kalamu. Akaandika kwamba kijiji kinafaa kwa ujamaa papo hapo kilipo, ila nyumba tatu zisogezwe, mstari unyooke.

Zikasogezwa hatua kumi. Shangazi akaendelea na matuta yake, nami nikarudi mjini nikijua kwamba mlima hausomwi ramanini. Husomwa magotini mwa mwenye kutoa amri.