Mchuuzi wa mayai anayeogopa rangi mpya

Saa moja asubuhi, mtaa wa Olympic, Kibera, Nairobi. Ndunge amechuchumaa kando ya baiskeli ya buluu iliyopinduliwa, magurudumu juu, kiti chini. Analizungusha gurudumu la nyuma kwa kiganja na kulitazama likienda. Halichezi. Breki zinashika. Cheni imetiwa oili juzijuzi.

Kisha anaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya fremu, karibu na pedali, anakwangua. Buluu inabanduka kama ganda la yai. Chini yake kuna nyekundu.

Anaurudisha mkono upesi. Anauficha ndani ya leso.

"Mathe, hiyo ni mashine," anasema kijana anayeiuza. "Elfu tatu na nusu tu. Hapo umeokota."

"Kwenu ni wapi?"

"Huko chini tu."

"Basi panda, twende nayo huko chini. Wewe mbele, mimi nyuma. Majirani wako wakuone nayo, halafu nitakulipa mlangoni kwenu."

Kijana anacheka. "Kwani unanioa, ndiyo uone kwetu?"

Wenzake waliokaa kwenye jiwe wanacheka pia. Ndunge hacheki. Kijana anaona hafanyi mzaha, anapunguza bei. "Leta tatu." Ndunge anaendelea kuitazama nyekundu. "Haya, mbili na nusu. Mathe, unangoja nini?"

Ndunge anasimama na kuondoka bila kuaga.

"Kitu kikishuka bei haraka hivyo, kina mwenyewe mahali anayekililia," anasema, akitembea upesi na kugeuka nyuma kila baada ya hatua chache.

Ndunge ana umri wa miaka thelathini na sita na watoto wawili, na anaishi chumba cha kupanga Kianda, hapahapa Kibera. Kazi yake ni kusambaza mayai. Huyachukua kwa jumla Kawangware, kwa mama mmoja mwenye ploti anayeitwa Waithira, ambaye ana duka la mayai mbele ya nyumba zake za kukodisha. Kisha huyaleta kwa wauza mayai ya kuchemsha na wenye vibanda vya chapati, Kianda na Gatwekera.

Faida ni shilingi thelathini kwa trei, ikiwa hakuna lililovunjika. Kwa baiskeli alikuwa akibeba trei kumi. Sasa hubeba nne kichwani, kwa miguu, na shingo imeanza kukataa. Wateja wanangoja mpaka chai inapoa, nao wamechoka kungoja.

Waithira hakumficha neno. "Jumatatu usipokuja na magurudumu, wateja wa Kianda nitampa msambazaji mwingine, yule wa nduthi. Pikipiki haichoki. Nakupenda, lakini mayai hayanipendi. Yanaoza."

Leo ni Jumamosi. Ndunge ana shilingi elfu sita alizopokea zamu yake ilipofika kwenye chama chao cha kuchangiana. Baiskeli zinazouzwa Kibera ni nyingi. Kinachomnyima usingizi ni moja aliyowahi kuwa nayo.

Aliinunua mwaka jana karibu na soko la Kawangware, kwa mtu asiyemjua. Ilikuwa imara, lakini ilikuwa na mikwaruzo mingi, naye akaionea aibu. Mwenye nyumba wake alikuwa amebakisha rangi ya kijani ya mlango. Ndunge akaomba mkebe, akashinda Jumapili nzima akiipaka.

"Niliipaka kwa furaha," anasema. "Kama mtu anayemvisha mtoto nguo ya Krismasi."

Wiki mbili baadaye, alipokuwa akitoka dukani kwa Waithira na trei zimefungwa kwa vipande vya tyubu, mwanamume mmoja alishika keria kwa nyuma. "Wewe! Simama hapo!" Mwanamume huyo alisema keria hiyo aliichomelea kwa mkono wake mwenyewe, kabla baiskeli haijaibwa. Aliikwangua kijani, chini yake ikatokea rangi aliyoijua. Akapiga ukelele wa mwizi.

Neno hilo likishatamkwa sokoni, hakuna anayeuliza la pili. Watu walijaa. Ndunge alipojaribu kueleza kwamba alinunua, mtu akamuuliza swali ambalo hajalisahau: "Kama si mwizi, mbona umeipaka rangi?"

"Lilikuwa swali zuri," anasema. "Hata mimi ningeuliza."

Hakuwa na shahidi wala jina la muuzaji. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho la kushoto, na kovu lipo hadi leo. Waithira ndiye aliyetoka dukani na kusimama juu yake, miguu huku na huku, akipiga kelele kwa Kikikuyu na Kiswahili: "Huyu ni mteja wangu! Mkimpiga mnanipiga mimi!" Watu wakamtambua Waithira, wakasita. Baiskeli ikaenda na mwenyewe. Ndunge akarudi Kibera kwa miguu, mayai yamemkaukia kwenye sketi.

Tangu hapo akisikia mtu anaita "Wewe!" nyuma yake, hufunika kichwa kwa mikono. Na tangu hapo ana sharti lake: muuzaji aipitishe baiskeli mtaani kwake mwenyewe, mchana, mbele ya macho ya watu wanaomjua.

Saa nne, Ndunge anafika Gatwekera. Ameelekezwa kwa Wepukhulu, mwashi aliyeacha kazi ya mjengo baada ya goti kumsumbua. Baiskeli yake imeegemea ukuta wa mabati: nyeusi, nzito, kiti kimefungwa gunia, kengele haina kifuniko. Pedali moja ni ya chuma. Nyingine ni kipande cha mbao alichochonga mwenyewe.

"Elfu sita na mia tano," anasema Wepukhulu. "Na sikudanganyi, gurudumu la mbele linacheza kidogo. Spoki zinataka kukazwa. Breki ya nyuma inataka raba mpya."

Ndunge anaipindua, anaizungusha, anakwangua fremu kwa ukucha. Chini ya nyeusi kuna chuma kitupu. Anapumua. Anatoa sharti lake.

"Nipite nayo mtaani?" Wepukhulu anamtazama. "Mama, mimi nimekaa hapa tangu nyumba hizi zikiwa za udongo mtupu."

"Ndiyo sababu nataka tupite."

Wanafunga kwenye keria trei moja ya mayai aliyokuja nayo Ndunge, ili aone itakavyotikisika, kisha Wepukhulu anaisukuma, akichechemea. Ndunge yuko nyuma yake, masikio yamemsimama.

"Wepu! Leo umepata abiria?"

"Wepu, hiyo mbao utazikwa nayo!"

Fundi viatu anainua nyundo kuisalimu baiskeli kabla ya kumsalimu mwenyewe. Kila salamu inamshuka Ndunge kifuani kama dawa. Karibu na reli anaanza hata kutabasamu.

"Wewe! Simama hapo! Hiyo baiskeli inaenda wapi?"

Ni sauti ya mwanamke, kali, kutoka nyuma. Ndunge hageuki. Anaporomoka palepale kando ya ukuta, mikono juu ya kichwa, macho amefumba. Anangoja jiwe.

Jiwe haliji. Anayekuja ni mke wa Wepukhulu, Mama Nekesa, na beseni la nguo kiunoni.

"Baba Nekesa, nimekuacha nyumbani unakanda goti, nakukuta unauza miguu yangu?" anafoka. "Hii ndiyo ilinipeleka kujifungua Nekesa na mvua ikinyesha! Unaitoa kimyakimya kama kuku wa wizi?"

"Nilitaka nikwambie jioni."

"Jioni ningekuwa nimeuliza majirani! Na huyu amelala hapa ana nini?"

Ndunge anajaribu kusimama, anashindwa. Akiwa bado chini, anamweleza Mama Nekesa: mayai ya Kianda, rangi ya kijani, soko, swali lile, jiwe. Anamwonyesha kovu.

Mama Nekesa anasikiliza mpaka mwisho. Anaweka beseni chini na kumpa mkono.

"Inuka. Una pesa ngapi?"

"Elfu sita."

"Inatosha." Wepukhulu anafungua mdomo. "Nimesema inatosha. Goti lako haliendeshi, na mimi sijui kuendesha. Itatuozea ukutani." Kisha anamgeukia Ndunge. "Lakini hiyo pedali ya mbao usiitoe. Nikiiona njiani niijue."

Ndunge anacheka, machozi yakimtoka. Baiskeli ambayo watu wataijua: hilo ndilo alilokuwa akilitafuta Kibera nzima.

Kabla pesa hazijabadilisha mikono, Mama Nekesa anawapigia kelele majirani. "Mmemwona huyu? Ni Mama Mayai wa Kianda! Baiskeli nimemuuzia mimi, na mzee akiwa hapa! Mtu asije kunisumbua!"

Kwenye trei, yai moja limepasuka.

Mchana fundi mmoja wa Olympic anakaza spoki na kubadilisha raba za breki. Akimaliza, anaitazama mikwaruzo na kujitolea kuipiga rangi. "Mia mbili tu, Mama Mayai. Iwe mpya. Kwani huoni haya?"

"Iache," Ndunge anajibu haraka mno, na mkono unarudi ndani ya leso. "Rangi ilitaka kuniua."

Hofu haijamtoka. Jumatatu ni lazima afike Kawangware, na duka la Waithira liko hatua chache kutoka pale alipopigwa jiwe. Iko njia ya nyuma, kupitia uchochoro, ambayo amekuwa akiitumia mwaka mzima. Anasema hataitumia tena. Ataingia kwa barabara kubwa, akiisukuma baiskeli kwa mkono, pedali ya mbao watu waione. Atawaamkua wote, hata wale ambao huenda walirusha.

Wateja wa Kianda akibaki nao, anataka kununua kikapu cha chuma, aongeze trei.

"Na nataka siku moja mtu aniite 'Wewe!' kutoka nyuma," anasema, akifunga trei kwa kipande cha tyubu na kuvuta fundo mara mbili. "Nami nigeuke tu, nimuulize, 'Unataka mayai mangapi?'"