Mlio wa Fundi Egidius

Mara ya kwanza tulipokutana, mwaka 1995 dukani kwangu Ifakara, fundi Egidius alinikatalia mali. Nilimwamkia shikamoo, nikampangia betri tatu za gari juu ya kaunta na kumwambia zote mpya. Hakubishana. Aliunganisha taa ya Landrova kwenye kila moja, akakaa juu ya kreti la soda akitazama sindano ya kipimo chake. Kisha akazisukuma mbili kando.

"Bwana mdogo, hizi umezing'arisha nje tu, ndani zimekufa. Nachukua hii moja. Na utanipunguzia, maana umenipotezea asubuhi."

Nikampunguzia. Mtu anayejua kununua namheshimu.

Wakati ule bondeni hakukuwa na simu za mkononi. Chama chetu cha wakulima na wanunuzi wa mpunga kilikuwa na simu ya upepo: redio moja kwangu Ifakara, moja Mlimba, moja Masagati, na kilimani Mbingu mtambo wa kupokea sauti na kuirusha mbele. Mtambo ulikula betri zilizochajiwa kwa jua, na mtunzaji wake alikuwa Egidius. Siku za mawingu ulizimika mtu akiwa katikati ya neno. Basi akaufungia kifaa kidogo cha kupima umeme. Betri zikishuka chini ya volti kumi na moja na nusu, kila mtu akimaliza kusema tulisikia tii-tii. Maana yake: semeni la muhimu, umebaki muda wa saa tatu tu. Kiwango alikipanga kwa skrubu, akaigandisha kwa tone la rangi ya kucha ya mkewe.

Asubuhi zile bado ninazo kichwani. Saa mbili kamili bonde zima linaamkiana hewani, jogoo wa Masagati anawika ndani ya chumba changu Ifakara.

Lakini mlio ule mimi niliusikia kibiashara. Februari 1996, masika yakikaribia kufunga barabara, nilikuwa navutana bei ya mpunga hewani na Mama Domitila, msemaji wa wakulima wa Masagati. Tii-tii. Papo hapo akalegea: "Haya, chukua kwa bei yako, leta lori kabla hatujapotezana. Ova."

Nikamfuata Egidius. "Fundi, pandisha kile kiwango. Mtambo ulie mapema kidogo."

"Ulie wakati betri zina umeme?"

"Kidogo tu."

"Wewe una mpunga, una duka. Mimi nilicho nacho ni kwamba nikisema zinakwisha, zinakwisha. Nenda zako."

Wiki iliyofuata malaria ikamlaza. Nikajitolea kupeleka maji ya betri Mbingu, na skrubu nikaizungusha mwenyewe kwa ncha ya kisu.

Ilifanya kazi mara mbili. Nilipata magunia sitini kwa bei ya kutupa. Mara ya tatu Mama Domitila alicheka hewani. "Acha ulie, mwanangu! Siku ya nane hii unalia na mtambo haujafa. Bei yangu ni ileile. Ova."

Egidius alipopona akapanda kilimani, akakuta rangi imepasuka. Alijua ni nani, maana niliyepanda ni mimi peke yangu. Kesho yake saa mbili akasema, redio zote zikisikiliza: "Mlio wa siku hizi umewadanganya. Kosa ni langu, boksi la mtambo sikulitia kufuli. Sasa nimeurekebisha." Jina hakutaja. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti mkononi. Sikubonyeza.

Kwa kosa hilo chama kikamwondoa. Aliyemrithi aliona mlio ni kero, akaukata waya. Machi mtambo ukazimika bila dalili, na siku hiyohiyo maji yakabeba daraja la mbele ya Mlimba. Masagati walijua, ila hawakuwa na njia ya kuniambia. Lori langu likaingia njia hiyo, likakaa topeni hadi Juni. Msimu uliofuata Mama Domitila akamuuzia mnunuzi mwingine.

Mwaka 1998 nilivuka mto pale Kivukoni, nikamkuta Egidius Mahenge, kwenye kibanda cha kutengeneza redio.

"Ile skrubu, fundi, ni mimi."

"Najua. Kaa basi, nimsikilize kwanza huyu mama."

Mama yule aliacha redio yake mezani, akaondoka bila kuuliza bei wala siku. Kazi ya kilimani Egidius hakuipata tena. Mimi nilipata magunia sitini.