Mama Wawili na Filamu ya Nyota

Jana nilirudi kutoka kazini miguu imenivimba, hata sahani ya bukari, ugali wetu, niliiona nzito. Wanangu walikuwa mbele ya televisheni, tayari kuanza filamu ya watu wanaosafiri kati ya nyota. "Mama, kuya uangalie kwanza," mdogo aliniita. "Iko ya batoto?" Nikaketi. Lakini chombo chao kilipoanza kupaa, rafiki yangu, sikukiona tena. Niliwaona mama wawili wa utoto wangu, wameketi kwenye mkeka, wanachambua majani ya muhogo ya kupikia sombe.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, nyumba mbili zikitumia ukuta mmoja. Wazazi wangu walitoka kaskazini mwa Katanga. Upande wa pili waliishi watu wa asili ya Kasai; babu yao aliletwa zamani kuchimba shaba, na wengine wote walizaliwa pale pale. Mama jirani, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na kitu ambacho mtaa mzima haukuwa nacho: video. Yeye na mama yangu walipeana chumvi, makaa na watoto wa kubeba, kama ndugu wa tumbo moja.

Hakuna filamu iliyofika machoni mwetu kabla wao hawajaipima. Walijifungia ndani na kaseti mpya, sisi tukabaki nje tumebana masikio dirishani, harufu ya bitoyo, samaki wa chumvi, ikitoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mama jirani alijua Kifaransa, basi alieleza maneno. Mama alitoa hukumu. Watu wakibusiana, hapana. Damu kidogo, sawa. Alizoea kusema kwamba mtoto hulala na kile alichokiona.

Filamu moja ya nyota iliwashinda. Tulimsikia mama jirani akieleza: familia ilikimbia dunia yake kwa sababu jua lao lilikuwa linazimika. Mtu alisimama ndani ya mwanga, mara akatoweka; kisha mnyama mwenye meno marefu akajitokeza.

"Ile njo bulozi," mama alisema, akiogopa uchawi. "Mutu anapotea vile?"

"Hapana, mama. Ni mashine. Inamupeleka fasi ingine."

"Na ule nyama wa meno? Batoto batakojoa mu kitanda!"

"Tungoje. Filme unaipima ku mwisho."

Umeme ukakatika. Wakakubaliana kuimaliza pamoja Jumamosi, nasi tukaanza kuingoja Jumamosi hiyo kama sikukuu.

Lakini miaka ile mambo yalikuwa yanaporomoka. Mishahara ilichelewa, hospitali ilikuwa na vitanda bila dawa, na mitambo ya mgodi ilinyamaza moja baada ya nyingine. Watu walichoka, na wanasiasa wakawatafutia wa kulaumu. Watu wa Kasai warudi kwao: yalianza kama maneno ya mikutanoni, yakawa nyimbo za barabarani. Jumamosi hiyo yakawa mawe juu ya bati la mama jirani.

Tata, baba yangu, alisimama mlangoni pao. Aliwasihi vijana, baadhi yao aliowajua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Hawakumpiga. Walingoja tu achoke. Jua lilipopungua, mama jirani alitoka na mume wake, watoto, furushi moja na sufuria.

"Rudini kwenu," kijana mmoja alisema.

"Kwetu njo wapi?" mama jirani alimjibu. "Mi sikufikaka ku Kasai hata siku moja."

Walikwenda stesheni, ambako watu wengi kama wao walikuwa wanalala chini ya karatasi za plastiki wakingoja treni. Mvua ilinyesha, treni haikuja. Mama alipika, tukapeleka bukari na sombe, mimi nikibeba maji. Wapo majirani waliotununia kwa hilo. Mama aliwapita, sufuria kichwani.

Siku treni ilipokuja, mama jirani alikuwa amembeba mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akichemka kwa homa. Mama alimshika mkono. Mwenzake ndiye aliyeanza kusema.

"Ile filme, niliimaliza. Umeme ulirudi siku ile ile, nikashindwa kungoja."

"Halafu?"

"Uache batoto baione. Iko muzuri. Bote banafika."

Baada ya muda mrefu msafiri mmoja alituletea habari. Mtoto yule wa mwisho hakufika. Walimzika kando ya reli. Mama aliondoa sufuria motoni, akakaa.

Filamu hatukuiona kamwe. Nyumba yao iliingiwa, kila kitu kikabebwa. Waliohamia humo hatimaye walinunua televisheni, nasi tukakimbia kumwita mama aje apime kwanza. Alikuwa anasugua vyombo. Hakugeuka.

"Angalieni tu," alisema. "Mi nimechoka."

Hakupima filamu nyingine tena maishani mwake.

Siku hizi magari makubwa ya madini yanapita usiku na mchana, na kila mtoto ana kioo chake cha simu mkononi. Watu wananiambia Kolwezi imeamka. Labda. Mimi nilikulia katika mtaa ambao mama wa nyumba ya pili aliweza kukuambia "fumba macho", nawe ukafumba, bila kuuliza kwao yule mama ni wapi.