Kigae cha Mlangoni

Baba yangu ni fundi vigae, na hana dogo. Sakafu ikizidi upande mmoja hata kwa unene wa ukucha, ataing'oa, mwenye nyumba aridhike asiridhike. Ila kila sakafu yake ina kigae kimoja karibu na mlango kilichogeuzwa, ua lake likitazama upande usio wake. Wateja hudhani amekosea. Yeye hawasahihishi, nami tangu utotoni nilijua sababu yake haiulizwi.

Mwaka huu zahanati ilitaka sakafu mpya ya ukumbi, na daktari akataka kwanza kuona mchoro. Baba hachori, sakafu zake zimo kichwani. Tukiwa pale ukumbini nikaipa akili bandia ya kwenye simu yangu picha za kazi zake zote, nikaiomba mchoro wa ukumbi huo. Dakika haikuisha, mchoro ukatoka. Baba akaipokea simu kwa kebehi, akainyoosha mbali na macho. Kisha akakaa juu ya ndoo.

Kwenye mchoro, karibu na mlango, palikuwa na kigae kimoja kilichogeuzwa.

"Nani kaiambia?"

"Hakuna, Baba. Imeangalia picha tu."

"Iulize kwa nini."

Ikajibu kwamba bila kigae hicho sakafu ingekuwa nadhifu tu. Kikiwepo, anayeingia anajua kuna mtu aliyeitengeneza.

Baba akanirudishia simu. "Hata mimi sijawahi kulisema vizuri hivyo. Kama na hii inaona, mwanangu, mimi naweka mwiko chini."

Niliumia. Mwiko huo ndio ulionilea, maana mama alifariki kabla sijajua sura yake. "Na wewe," nikamuuliza kwa hasira kidogo, "ulikigeuza kwa nini?"

Akajikuna goti. "Ni mama yako. Sakafu yetu ya kwanza, ana mimba yako, kang'ang'ania kunisaidia. Nikaenda kuteka maji, foleni ndefu, narudi kaweka kigae kimegeuka, na kimeshashika. Mimi nafoka, yeye anacheka. Akasema kiache, hicho ndicho changu."

Nina miaka thelathini na mbili, na ndiyo kwanza nasikia kwamba mama alikuwa akicheka.

"Iambie na hiyo," Baba akasema. "Imekiona kizuri, na haijakosea. Ila haijui ni cha nani."

Nikaandika yote. Nilipoinua macho alikuwa amepiga magoti mlangoni, mwiko mkononi, anapima mahali pa kigae cha mama.