Mkono wa Mama Mkwe

Kwetu Bungoma mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia kichakani mpaka apite. Mimi nilimshika mkono.

Nilikuwa karani wa ghala la mahindi katika mji wa Kwanza, karibu na Kitale, nilipoanza kusikia sauti. Ziliniambia kwamba mama mkwe amefungia pumzi yangu ndani ya chungu. Nikatembea siku mbili hadi kwake, nikaingia jikoni mchana peupe, nikamvuta mkono na kuvunja kila chungu nilichokiona. Polisi walinichukua, nikapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Mke wangu akahamia kwa mamake pamoja na mtoto wetu. Wanasema akili ni nywele. Zangu walizinyoa siku ya kwanza. Lakini walinitibu, sitawasema vibaya.

Niliporudi, dresa mmoja, msaidizi wa daktari katika hospitali ya Kitale, ndiye aliyenisimamia. Kila mwezi alinipa dawa na kuniuliza kama ninalala, kama sauti zimerudi. Hayo nilimjibu kweli. Aliponiuliza juu ya siku ile, nilisema sikumbuki kitu. Nilikumbuka yote. Uongo huo nauonea haya kuliko ugonjwa wenyewe.

Mke wangu akatuma neno: harudi mpaka mamake aridhike. Dresa akaomba ruhusa kazini, tukaenda wote Bungoma. Nilikaa uani, nikageuzia nyumba mgongo. Mama mkwe alibaki ndani, akizungumza na dresa kupitia dirisha, kwa Kiswahili, maana dresa hakuwa mtu wa kwetu.

"Mama, huyu amepona," dresa akasema. "Hiyo siku hata hakumbuki."

"Ati hakumbuki? Sasa mimi nisamehe nani?"

Dresa alikuwa amenitetea kwa uongo wangu mwenyewe, naye hajui.

"Nakumbuka," nikasema. "Nilikushika mkono wa kushoto, mama. Ukapiga magoti."

Nilihisi dresa akinitazama. Sikuthubutu kuinua uso.

"Na ulikuwa unalia," mama mkwe akasema. "Unalia ukiniita nikusaidie. Hiyo pia unakumbuka?"

Hiyo sikuikumbuka. Mke wangu akatoka, mtoto mgongoni, mzigo wa nguo mkononi, akasimama mbele yangu.

"Si uamke twende," akasema. "Mama hawezi kutoka kwake ukiwa umekaa hapo."